Kubandua aikoni si kufuta programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka litaonekana dogo mno kuandikiwa gazeti, lakini ambalo katika kazi yangu ya steshenari hapa Morogoro hunilia muda kuliko karatasi zinazonasa kwenye printa. Ni aikoni zinazojazana kwenye upau wa kazi, yaani ule ukanda mwembamba ulio chini ya skrini ya kompyuta, wenye kitufe cha kuanzia na saa. Wateja wanaoniletea kompyuta zao hawazitaki nyingi kati ya aikoni hizo, hawajui zilikotoka, na bado wanaogopa kuzigusa. Wanaogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba kubandua aikoni ni kitu kimoja, kuificha ni kitu kingine, na kwamba kuzima programu na kuisanidua, yaani kuing'oa kabisa kwenye kompyuta, ni mambo mengine tena.

Mwezi uliopita aliingia dukani mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, akiwa na laptopu aliyonunuliwa na mwanawe. Ilikuwa ya mtumba, na muuzaji alikuwa ameifuta vumbi kwa nje mpaka ikang'aa, ila ndani hakuwa amegusa kitu. Nilihesabu aikoni kumi na tisa kabla sijafika kwenye saa. Kulikuwa na vivinjari vitatu, duka la programu, programu mbili za kuangalia filamu, nyingine ya mikutano ya video, mchezo wa karata, na mbili zilizobaki kama vipande vya karatasi nyeupe visivyo na picha yoyote. Mwalimu alihitaji ya kuandikia, ya hesabu za kikoba chao, kwa kuwa yeye ndiye katibu, na ya kivinjari anachosomea barua pepe. Nilipopeleka kipanya kwenye aikoni ya kwanza, akanizuia.

"Kijana wangu, ukiiondoa hiyo, hesabu zetu za kikoba si zitapotea?"

"Hazipotei, mwalimu. Hiki ni kibao tu cha kuelekeza. Nyumba yenyewe iko kwingine."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Neno "ondoa" tumelibebesha mzigo mkubwa. Kuondoa vyombo mezani ni kuvipeleka jikoni, na kuondoa kisiki shambani ni kuking'oa. Mtu anayeambiwa aondoe aikoni ana haki ya kujiuliza anaambiwa aondoe kama vyombo au kama kisiki. Tena kompyuta nyingi tulizonazo zinazungumza Kiingereza, na ukibofya kulia programu kwenye menyu ya kuanzia unakuta 'Unpin' na 'Uninstall' katika orodha moja, maneno yanayoanza kwa herufi zilezile na kufanana machoni kama watoto wa tumbo moja. La kwanza ni kubandua kibao, la pili ni kubomoa nyumba. Niliwahi kumpokea kijana wa chuo aliyekuwa amesanidua programu yake ya kuandikia, zikiwa zimebaki siku mbili awasilishe ripoti ya mafunzo kwa vitendo, huku akidhani anapunguza msongamano wa aikoni. Ripoti yenyewe ilikuwa salama ndani ya diski, lakini hakuwa tena na kitu cha kuifungulia, wala hakuwa na bando la kuirudisha programu hiyo. Siku hizo mbili alizimalizia dukani kwangu.

Kubandua kwenyewe hakuhitaji fundi. Katika Windows, ambayo ndiyo mfumo ulio kwenye kompyuta nyingi zinazopita mikononi mwangu, unapeleka kipanya juu ya aikoni usiyoitaka, unabofya kitufe cha kulia, na katika menyu fupi inayotokea unachagua 'Unpin from taskbar'. Faili haliguswi, programu haiguswi, na siku ukiihitaji utaipata kwenye menyu ya kuanzia. Zile karatasi nyeupe ni vibao vya nyumba zilizokwisha kubomolewa. Programu ilisaniduliwa zamani na kibao chake kikasahaulika, na ukikibofya kompyuta yenyewe hukuuliza kama ikiondoe, nawe ukubali bila wasiwasi.

Hata hivyo ipo hali moja inayowachanganya hata wale wanaojiamini. Mtu anabandua aikoni ya programu ambayo wakati huo iko wazi, na aikoni inabaki palepale. Anadhani hajabofya vizuri. Anarudia, na kwa kuwa mahali lilipokuwa neno la kubandua sasa pamekaa neno la kubandika, anaibandika upya bila kusoma. Nimemtazama mteja mmoja akifanya hivyo mara nne mfululizo, anabandua na kubandika, anabandua na kubandika, mpaka akaniambia kompyuta imeingia virusi. Dawa ilikuwa kuifunga programu, na aikoni ikajiondokea.

Chimbuko la mkanganyiko huo lina historia yake. Upau ulipoletwa na Windows 95, Agosti 24, 1995, kazi yake ilikuwa kuonyesha madirisha yaliyo wazi. Ukifunga dirisha, kitufe chake kinatoweka. Baadaye ikaongezwa sehemu ndogo ya njia za mkato karibu na kitufe cha kuanzia, na macho yaliweza kutofautisha hiki cha kufungulia na hiki kilichofunguliwa. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, ikayaunganisha hayo mawili, na tangu hapo aikoni moja ni kibao cha programu iliyolala na pia dirisha la programu iliyo macho. Tofauti yake, katika matoleo ya karibuni, ni mstari mwembamba chini ya aikoni, ambao mwalimu wangu hakuuona mpaka alipovaa miwani ya kusomea. Sisemi kwamba muungano huo ulikuwa kosa, maana mimi mwenyewe nimeuzoea na sitamani kurudi nyuma, ila anayefundisha kompyuta leo bila kuutaja mstari huo anamwacha mwanafunzi wake gizani.

Kuna aikoni nyingine ambazo hazikubali kubanduliwa kwa njia hiyo, kwa sababu si za programu bali ni za upau wenyewe, kama vile sanduku la kutafutia, kitufe cha kuonyesha madirisha yote, na ile ya hali ya hewa na habari. Katika Windows 11 hizo huzimwa kwa kubofya kulia mahali patupu kwenye upau, kuchagua 'Taskbar settings' na kuzima swichi zake mojamoja. Katika Windows 10 nyingi zimo kwenye menyu ileile inayotokea unapobofya kulia. Hiyo ya hali ya hewa ndiyo ninayoizima kwanza katika kila kompyuta ya dukani. Kwa jinsi inavyokuja kutoka kiwandani haingoji kubofywa. Kipanya kikipita juu yake na kutulia kidogo tu, linafunguka bango zima la habari na picha, na bango hilo hupakuliwa kwa bando la mwenye kompyuta. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, mteja anapokuwa kwenye ukurasa wa mwisho akihakiki namba ya mtihani ya mwanawe huku nyuma yake kuna foleni, bango la harusi ya mcheza filamu asiyemjua linapomfunikia fomu si jambo la kuchekesha. Anashtuka, anabofya ovyo ili lifungike, na mara nyingine anabofya kisichobofywa.

Sasa nifike upande wa saa, ambako kosa lilikuwa langu mwenyewe. Aikoni ndogo zinazokaa karibu na saa si vibao vya programu zilizolala. Hizo ni ishara za programu ambazo tayari zinafanya kazi, ziwe zimefunguliwa na mtu au zimejifungua zenyewe kompyuta ilipowaka. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natumia intaneti ya simu kwa kompyuta ya kaunta, na kila siku bando nililonunua asubuhi lilikuwa linakata kabla ya adhuhuri. Karibu na saa palikuwa na aikoni ya wingu, ya programu inayopeleka nakala za mafaili kwenye mtandao. Nikiwa na hakika kabisa ya nilichokuwa nafanya, niliiburuta ile aikoni nikaiingiza kwenye kijisanduku cha zilizofichwa, kile kinachofunguliwa kwa kishale kidogo. Upau ukapendeza. Bando likaendelea kukata kabla ya adhuhuri kwa karibu wiki mbili nyingine, nami nikawa namshuku jirani kwamba amelijua neno langu la siri.

Nilikuwa nimekifunika kibatari, sikukizima. Wingu lile lilikuwa linapandisha kwenye mtandao kila picha ya pasipoti niliyopiga na kila cheti nilichoskani, vya wateja wangu wote, na jambo hilo la pili lilinisumbua kuliko bando lenyewe. Nilichopaswa kufanya ni kubofya kulia aikoni hiyo na kuisimamisha au kuifunga programu, kisha kuizuia isijifungue tena. Hilo la kuizuia hufanyika kwa kubonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kwenda kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na kompyuta, na kuzizima zile usizozihitaji. Siku hizi mteja akiniomba nimfichie aikoni iliyo karibu na saa, humuuliza kwanza kama hataki kuiona au hataki ifanye kazi. Wengi hujibu kwamba walidhani ni kitu kimoja.

Isieleweke kwamba nawahimiza wasomaji wako wafyeke kila kitu. Aikoni ya kutolea flashi kwa usalama huwa naiacha wazi kila wakati, kwa sababu steshenari inaishi kwa flashi za watu, na kuna mteja hupenda kuichomoa ya kwake huku taa yake bado inamwekamweka. Aikoni ya kinga dhidi ya virusi nayo ibaki, maana flashi hizohizo zinatoka tusikokujua. Ipo nyingine inayodharauliwa zaidi ya zote, nayo ni yale maandishi madogo ya ENG yanayoonyesha lugha na mpangilio wa kibodi. Mwaka jana mteja alikaa nusu saa akishindwa kuandika anwani yake ya barua pepe, kwa sababu kila alipobonyeza Shift na 2 ili apate alama ya @, alipata alama za kunukuu. Kibodi yake ilikuwa na vitufe vya Kimarekani, lakini kompyuta ilikuwa imepangwa kwa mpangilio wa Uingereza, ambako alama hizo mbili zimebadilishana mahali. Kama maandishi yale yasingekuwa yamefichwa na mtu aliyetaka upau safi, tungeliona tatizo mapema na kulimaliza kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi.

Nani anayezijaza aikoni hizi? Baadhi ya wasomaji watasema ni uzembe wa watumiaji, nami nakubali kwa kiasi, maana tunapoweka programu mpya tunabofya kuendelea, kuendelea, kuendelea, bila kusoma visanduku vilivyokwisha kutiwa alama ya vema. Lakini kompyuta ikitolewa kwenye boksi, kabla mtu hajabofya chochote, upau tayari una wapangaji. Kiatu hiki kimewabana hata wenye nguvu kuliko sisi. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya yuro milioni 497, na moja ya hoja zake ilikuwa kuiambatanisha programu ya kuchezea muziki na filamu na Windows. Mwaka 2013 ikaitoza yuro milioni 561 kwa kutotimiza ahadi ya kuwapa watumiaji nafasi ya kuchagua kivinjari. Leo, kwa nguvu ya sheria ya masoko ya kidijitali iliyoanza kuyabana makampuni makubwa Machi 2024, mtu aliye Ufaransa anaweza kukisanidua kivinjari cha Edge kwa njia ya kawaida kabisa ya mipangilio. Sisi tunaweza kukibandua, basi. Kompyuta ni ileile, kiwanda ni kilekile.

Sitegemei barua yangu ifike kwenye makao makuu ya kampuni hizo. Wanaoweza kunisikia ni wa hapa nyumbani, na wa kwanza ni wenzangu wanaouza kompyuta za mtumba. Mnunuzi anapolipa, mfungulie kompyuta mbele yake, muulize anafanya kazi gani, kisha zibandue zisizomhusu huku anakutazama. Dakika kumi zinatosha. Kwa sasa wengine hufanya kinyume chake, hujaza upau kwa makusudi ili mashine ionekane imesheheni programu, na mteja huchukulia wingi wa vibao kuwa ndiyo thamani ya kitu alichonunua. Tangu masasisho ya kawaida ya Windows 10 yasimame Oktoba 14, 2025, watu wengi wanahamia Windows 11, ambako aikoni zimehamishwa kutoka kushoto na kuwekwa katikati, na mzee ambaye kwa miaka mingi mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye kona ya kushoto sasa anapapasa. Muuzaji anayejua kazi yake anaweza kuzirudisha kushoto katika mipangilio ileile ya upau, kabla mashine haijaondoka dukani.

Walimu wa kompyuta, wa shuleni na wa vyuo vya ufundi, nao nawaomba wapunguze kidogo yale masomo ya historia ya vizazi vya kompyuta, ambayo wanafunzi wanayakariri na kuyasahau, wapate nafasi ya somo moja la vitendo juu ya upau. Mwanafunzi abandike, abandue, afiche, azime, asanidue, na kila mara atazame ni nini kimebadilika na ni nini kimebaki kilivyokuwa. Nimewapokea vijana wenye vyeti vya kompyuta vyenye mihuri mizuri ambao hawakuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

Nimalizie na watafsiri. Kiswahili hakijakosekana katika kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Windows yenyewe ina vifurushi vya lugha yetu. Wanaoendelea na kazi hiyo, na Baraza la Kiswahili linalowapa mwongozo, wakubaliane kuliachia "ondoa" kazi moja tu, au waliache kabisa katika menyu za upau. Bandua, ficha, zima, sanidua: tunayo maneno manne kwa vitendo vinne, na hata "sanidua" ambalo baadhi ya wateja wangu hulicheka kwamba ni la wasomi, wamelielewa mara moja nilipowaambia ni kinyume cha kusanidi. Mwalimu wangu yeye alilishika neno "bandua" haraka kuliko mimi nilivyotarajia, kwa kuwa miaka yote ya kazi alikuwa akibandika ratiba ukutani na kuibandua muhula unapoisha, na hakuna siku masomo yalifutika kwa sababu ratiba imebanduliwa.

Baada ya kuelewa hivyo, alinipokonya kipanya na kuzibandua mwenyewe, mojamoja, akizitaja kwa sauti kama anayeita mahudhurio. Zikabaki tatu alizohitaji na ile ya mchezo wa karata. Nilipomwonyesha kwamba imesahaulika, akaniambia haijasahaulika, niiache hapo hapo ilipo.

Wako,
Mwenye steshenari,
Morogoro